Wayland haijamnyang'anya mtu root

Ubuntu 25.10, mojawapo ya distro, yaani matoleo ya mfumo wa Linux, ilipotoka Oktoba 2025 ikiwa GNOME, eneokazi lake, haina tena kikao cha X11, mfumo wa zamani wa kuonyesha madirisha kwenye skrini, lalamiko la karibu miaka kumi lilipata uhai mpya. Mtu anafungua terminali, anaandika sudo, amri ya kuendesha programu kwa mamlaka ya juu, mbele ya jina la kihariri chake ili arekebishe faili iliyo ndani ya /etc, folda ya mipangilio ya mfumo. Mara dirisha linafunguka likiwa na sura ngeni, mara halifunguki kabisa na terminali inarudisha mstari mmoja tu kwamba skrini haikupatikana. GNOME 49 ilikuwa imezima kikao cha X11 mwezi mmoja kabla, Fedora 43 ikashika mkondo uleule, na watengenezaji wa KDE wametangaza kwamba eneokazi lao, Plasma 6.8, litatumia Wayland, mrithi wa X11, peke yake. Basi inasemwa kila mahali kwamba Wayland imepiga marufuku programu za dirisha kuendeshwa na mtumiaji mkuu, yaani akaunti ya root ambayo ruhusa za faili haziizuii. Wanaokasirika wanaona wamevuliwa umiliki wa mashine zao, na wanaowajibu wanasema ni kwa usalama, mjadala ufungwe. Kwa maoni yangu upande wa kwanza unalalamikia jambo ambalo halijatokea, na upande wa pili unatetea kazi ambayo haijamalizika. Nani mwenye kompyuta si swali lenye faida hapa. Lenye faida ni hili: katika msimbo wote unaoamka dirisha moja linapofunguliwa, ni kiasi gani kinachohitaji kweli mamlaka ya root?

Itifaki ya Wayland, iliyoanzishwa na Kristian Høgsberg mwaka 2008, haina kifungu kinachomhusu mtumiaji mkuu. Kinachopanga madirisha kwenye skrini husubiri programu kwenye soketi, yaani mlango wa mawasiliano, iliyo ndani ya folda kama /run/user/1000, ambayo imefungwa kwa kila mtu isipokuwa mwenyewe. Root hazuiwi na kufuli hilo, kama asivyozuiwa na mengine. Kinachokwama ni kitu kidogo zaidi. Ili programu ijue soketi iko wapi, husoma vigeu viwili vya mazingira, yaani maelezo mafupi ambayo programu hurithi inapoanzishwa: WAYLAND_DISPLAY na XDG_RUNTIME_DIR. Sudo kwa tahadhari husafisha vigeu kabla ya kumkabidhi mtu mamlaka; huvibakiza DISPLAY na XAUTHORITY, ambavyo ni urithi wa enzi ya X, lakini hivyo viwili vya Wayland huvitupa. Pkexec, amri nyingine ya kupewa mamlaka ya root, ni kali zaidi, kwani hata DISPLAY huifuta, isipokuwa sera ya programu husika imeruhusu waziwazi. Kwa hiyo programu inaanza ikiwa na nguvu zote za root huku haijui skrini iko upande gani, na isipopata njia ya zamani ya X, inakufa.

Historia yenyewe inakanusha hadithi ya marufuku. Fedora 25 ilipoifanya Wayland kuwa chaguo-msingi Novemba 2016, daraja la kuendeshea programu za zamani, XWayland, lilimkubali mwenye kikao peke yake. GParted, programu ya kugawa diski, haikufunguka, na watu wakajifunza kukariri amri ya xhost +si:localuser:root, inayomfungulia root daraja hilo. Miaka mitatu baadaye, katika GNOME 3.34, daraja hilo lilirekebishwa kusudi programu za X zilizoanzishwa kwa sudo ziweze kufunguka tena. Kundi linaloshutumiwa kuipiga vita root ndilo lililoirudishia njia, na lilifanya hivyo bila tarumbeta.

Sasa tutazame kile kinachokumbukwa kwa hamu. X11 ilitoka mwaka 1987, wakati ambapo programu zote zilizoshiriki skrini moja zilihesabiwa kuwa zinaaminiana. Katika mfumo huo programu yoyote inaweza kusikiliza vibonyezo vya kibodi vinavyokwenda kwa nyingine, kupiga picha dirisha la jirani, na kwa kutumia kiendelezi cha XTEST kubonyeza vitufe kana kwamba ni mtu aliyekaa kwenye kiti. Fikiria kidhibiti faili kimefunguliwa na root, na pembeni yake kuna kivinjari kinachoendeshwa na mtumiaji wa kawaida. Kivinjari kikidukuliwa, mdukuzi hahitaji kutafuta tundu la kumpandisha hadi root, maana dirisha lenye mamlaka lipo mbele yake na anaweza kuliandikia. Windows nayo iliugua ugonjwa wa namna hiyo: mwaka 2002 ilionyeshwa hadharani kuwa programu dhaifu inaweza kulitumia dirisha lenye nguvu kwa kulipelekea ujumbe tu, na ukuta kati ya madaraja ya programu ulijengwa katika Vista. Kwenye Linux ukuta wa aina hiyo umekuja na Wayland, ambako programu haioni vibonyezo vya mwenzake. Hapo ndipo kinyume cha mambo kilipo. Dirisha la root linalozungumza Wayland moja kwa moja lina kinga kuliko lilivyowahi kuwa chini ya X, ilhali anayelipitisha kwenye XWayland kwa xhost analirudisha chumba kimoja na kila programu nyingine ya X iliyo wazi.

Ila hoja ya vibonyezo, ingawa ndiyo inayotajwa zaidi, si nzito kuliko zote. Nzito zaidi ni ukubwa wa msimbo. Dirisha la kisasa hubeba maktaba za kuchora herufi, za kufungua picha za kila muundo, za kusoma mandhari na mipangilio, za kuzungumza na huduma nyingine, na vijalizo ambavyo mtumiaji hakumbuki alivisakinisha lini. Oktoba 2023 ulitangazwa udhaifu CVE-2023-43641 katika libcue, maktaba ndogo inayosoma orodha za nyimbo za sidii. Kwenye GNOME ilitosha mtu kupakua faili moja iliyotengenezwa kwa nia mbaya: huduma ya kuorodhesha faili iliisoma yenyewe bila kuombwa, na msimbo wa mdukuzi ukaendeshwa. Hayo yalitokea kwa haki za mtumiaji wa kawaida. Eneokazi lina tabia ya kufungua vitu kabla hujaviomba, kuanzia picha ndogo za faili, maelezo ya wimbo, hadi muhtasari wa waraka, na kila ufunguzi wa namna hiyo ukifanywa na root unakuwa mlango.

Waliotengeneza nyenzo za kuchorea madirisha walilitambua hili zamani. GTK hujizima ikigundua kwamba imo ndani ya programu iliyopewa setuid, alama inayoifanya faili iendeshwe kwa mamlaka ya mwenye faili, na Qt tangu toleo la 5.3 inakataa vivyo hivyo. Wote wanasema jambo moja, kwamba msimbo wao haukuandikwa kustahimili mzigo huo. Sudo hupita katikati ya ukaguzi huo kwa sababu, kwa mtazamo wa programu, mtumiaji halisi na mtumiaji mwenye nguvu ni yuleyule. Kupita si kibali.

Mfano bora wa namna jambo hili linavyopaswa kufanywa ni Wireshark, chombo cha kuchunguza mawasiliano ya mtandao. Kunasa pakiti kunahitaji mamlaka ambayo mtumiaji wa kawaida hana. Kuzisoma na kuzifafanua pakiti hizo hakuhitaji mamlaka yoyote, ingawa ndiko kwenye hatari, maana vichambuzi vya mamia ya itifaki vinakula data iliyotumwa na watu usiowajua. Watengenezaji walikata kazi vipande viwili. Programu ndogo iitwayo dumpcap ndiyo inayonasa, nayo kwenye Linux inaweza kupewa uwezo mahususi wa mtandao bila kupewa root nzima. Dirisha lote, pamoja na vichambuzi, linabaki kwa mtumiaji. Wireshark ikiendeshwa na root inatoa onyo, na nyaraka zake zinakusihi usifanye hivyo. Zingatia kwamba mtumiaji hakupoteza chochote. Ananasa alichotaka kunasa, anaona alichotaka kuona, na pakiti mbovu ikivunja kichambuzi inavunja kitu kisicho na nguvu.

Polkit, huduma inayoamua nani ameidhinishwa kufanya nini, ilikuja kuufanya mtindo huo uwe wa kawaida kwenye eneokazi zima. Ukibadilisha mtandao kupitia NetworkManager au kuandaa diski kupitia udisks, dirisha unaloligusa ni la kwako. Nyuma yake kuna huduma yenye mamlaka inayopokea ombi moja lenye jina na kuuliza kama umeidhinishwa. KDE Partition Manager ilikatwa kwa mpango huohuo katika toleo la 4.0. Hoja ya wanaotetea mabadiliko imesimama imara hapa, nami naiunga mkono.

Wanaolalamika nao wana hoja moja yenye uzito ambayo mara nyingi hujibiwa kwa dharau. Inasema hivi: kwenye kompyuta ya mtu mmoja, vyote vyenye thamani vimo ndani ya folda ya nyumbani. Picha, nywila zilizohifadhiwa na kivinjari, funguo za SSH, barua pepe, vyote vinafikiwa na programu hasidi bila kuihitaji root hata kidogo. Tena programu hiyo ikiitaka root, inaweza kuandika ndani ya .bashrc, faili ya mipangilio ya terminali, amri ya bandia yenye jina la sudo, kisha ikasubiri mwenye mashine aandike nywila kwa mkono wake. Wayland haizuii hilo. Hoja hii ni ya kweli, na anayeuza mabadiliko haya kama ngome dhidi ya kila mdukuzi anauza zaidi ya alichonacho. Hata hivyo root bado inaongeza kitu: uwezo wa kujificha ndani ya kerneli, kubaki baada ya akaunti kufutwa, na kuzima vyombo ambavyo vingeugundua uvamizi. Na tukimweka mdukuzi kando, yapo madhara ya kila siku yasiyo na mhusika mwovu. Kwenye kidhibiti faili kilichofunguliwa na root, kidole kikiteleza kwenye kipanya folda nzima ya mfumo inaweza kuhamia ndani ya jirani yake bila swali lolote. Anayeandika amri ya mv angalau analazimika kuyataja majina yote mawili.

Kuna pia mabaki. Ubuntu hadi kabla ya toleo la 19.10 ilikuwa na sudo iliyobakiza HOME, kigeu kinachotaja folda ya nyumbani ya mtumiaji, hivyo kihariri kilichoanzishwa kwa sudo kiliandika mipangilio yake ndani ya folda ya nyumbani kwa jina la root. Mabaki hayo yakiangukia .Xauthority au .ICEauthority, faili za idhini ya kikao, mtu anaweza kujikuta kesho yake kwenye skrini ya kuingilia inayompokea nywila kisha kumrudisha palepale. Chombo cha gksu kilikuwepo kwa ajili hiyo, kwani kilibadilisha HOME kabla ya kufungua dirisha, na ndiyo sababu wazee wa Linux walikuwa wakiwakemea wageni watumie gksu badala ya sudo. Kiliondolewa kwenye Debian na Ubuntu mwaka 2018. Leo anayelazimisha kwa kubeba XDG_RUNTIME_DIR yake hadi upande wa root anazalisha tatizo hilohilo kwa sura mpya: faili ya dconf, ghala la mipangilio, ndani ya /run/user/1000 inageuka kuwa mali ya root, na programu za mwenye kikao zinaanza kulalamika kwamba haziwezi kuandika mipangilio.

Basi kwa nini nasema kazi haijamalizika? Kwa sababu kukata programu vipande viwili kunasaidia tu pale kipande chenye mamlaka kinapokuwa chembamba. Msaidizi, yaani kipande hicho chenye mamlaka, anayekubali ombi la "unda sehemu mpya kwenye diski hii" ni mwembamba. Msaidizi anayekubali "andika maneno haya kwenye faili yoyote nitakayoitaja" ni root nzima aliyevaa joho la idhini. Kate, kihariri cha KDE, ilipata mwaka 2017 uwezo wa kuhifadhi faili za mfumo kwa kuomba idhini, badala ya kuendeshwa yote na root. Mwaka uliofuata ukatangazwa udhaifu CVE-2018-10361: msaidizi huyo, katika matoleo ya 5.34 hadi 5.45 ya KTextEditor, maktaba inayotumiwa na Kate, alishughulikia faili za muda kwa uzembe uliomwezesha mtumiaji mwingine wa mashine hiyo kujipatia root. Pkexec yenyewe ilikutwa Januari 2022 na tundu lililopewa jina la PwnKit, ambalo lilikuwemo tangu 2009. Sudo ilikuwa na lake, lililotangazwa mwaka mmoja kabla, ambalo lilikaa kwa karibu miaka kumi. Na Mei 2025 distro ya openSUSE ililiondoa eneokazi la Deepin kwenye hazina zake. Sababu ya karibu ilikuwa kifurushi kilichokwepa ukaguzi wa distro hiyo, lakini nyuma yake kulikuwa na miaka ya mvutano na timu ya usalama kuhusu huduma za Deepin zenye mamlaka ya root zilizokuwa zikipokea maombi bila ulinzi wa kutosha. Eneokazi hilo halikuwa likimlazimisha mtu kufungua dirisha kwa root. Lilikuwa limekata kazi vipande viwili kama inavyofundishwa, ila kipande cha nyuma kilikuwa kipana na kikasahauliwa.

Wanaosema "acheni sudo, tumieni polkit" kana kwamba jina la chombo ndilo dawa, hawajatazama orodha hiyo. Lakini haimrudishii ushindi anayetaka kuendesha kila kitu kwa root, kwa sababu tundu la msaidizi lina jina, lina mistari michache ya kukagua, na linaweza kuzibwa. Tundu la programu nzima yenye dirisha linaweza kuwa popote.

Nimeweka kando hadi sasa hoja dhaifu mbili kwa makusudi, kila upande na yake. Ya kwanza ni ile ya "kompyuta ni yangu, sitaki kuulizwa". Umiliki haujaguswa. Mwenye mashine ana root, anaweza kuingia kama root, kubadilisha kerneli, kufuta mfumo wote akitaka. Anachokosa ni urahisi mmoja wa kuanzisha dirisha, tena kwa vigeu viwili tu ambavyo anaweza kuvirudisha mwenyewe. Anayegeuza usumbufu huo kuwa suala la uhuru anawapa watengenezaji sababu ya kutosikiliza malalamiko yaliyo ya haki.

Ya pili ni ya watengenezaji: kwamba hakuna kabisa sababu ya mtu kuendesha programu ya dirisha kwa root. Hii nayo haisimami. Dolphin, kidhibiti faili cha KDE, ilipoanza kukataa root mwaka 2017, ilimwacha bila kidhibiti faili mtu aliyekuwa ameingia kama root tangu mwanzo, na Kali Linux hadi kabla ya toleo la 2020.1 ilikuwa ikiwaingiza watumiaji wake hivyohivyo. Katazo halikumlinda mtu huyo kwa lolote, kwani kila kilichokuwa kwenye skrini yake kilikuwa cha root tayari. Mwaka 2018 Dolphin ililegezwa: aliyeingia kama root aruhusiwe, anayetumia sudo bado akataliwe. Njia mbadala ya kweli ndani ya Dolphin, kio-admin, ilikuja mwaka 2022. Mlango ulifungwa mwaka 2017 na njia ya pembeni ikachimbwa miaka mitano baadaye. GNOME ilikwenda kwa mpangilio bora, maana anwani za admin://, zinazofungua faili za mfumo kwa idhini, zilikuwa zimeshaingia kwenye GVfs, sehemu ya GNOME ya kufikia faili, kufikia mwaka 2016, ila ilizificha kiasi kwamba wengi wanaozihitaji hawajawahi kuambiwa zipo.

Nao wanaoumia zaidi si wale wanaopiga kelele. Programu ya root haina basi la D-Bus la kikao cha mtumiaji, yaani njia ambayo programu huzungumziana, hivyo mandhari ya herufi kubwa hayaifikii, mbinu za kuingizia maandishi zinaweza kutokuwepo, na kisoma-skrini kama Orca kinaweza kushindwa kabisa kuliona dirisha lake. Kwa mtu asiyeona, dirisha la root tangu zamani lilikuwa chumba kisicho na taa, na kukata programu vipande viwili ndiyo njia pekee iliyowahi kumpa dirisha la kawaida mbele na mamlaka nyuma. Hii ni sababu nzuri kuliko nyingi zinazotajwa, na inashangaza jinsi isivyotajwa.

Kwa anayetaka tu kurekebisha faili ya /etc, jibu lipo na si la leo: sudoedit hunakili faili, huifungua nakala kwa kihariri chochote utakachokitaja katika SUDO_EDITOR, hata chenye dirisha mradi kinasubiri hadi ufunge, kisha huirudisha mahali pake. Kihariri hakiigusi root. Kwa GParted, ambayo bado inaendeshwa yote kwa root, sioni dhambi kuifungua pale inapohitajika, ukafanya kazi yako na kuifunga, kwa sababu haifungui nyaraka za wageni. Kidhibiti faili na kivinjari ni jambo jingine. Kicheza video VLC na kivinjari Chromium zimekuwa zikikataa root kwa miaka, na zina haki.

Tatizo litakalofuata naliona upande wa xhost. Amri hiyo inafungua XWayland tu, na programu zinazohamia Wayland moja kwa moja hazitaijali. Watu watakapogundua kwamba kubeba WAYLAND_DISPLAY na XDG_RUNTIME_DIR kunatosha, maelekezo ya kufanya hivyo yatanakiliwa kila mahali kama xhost ilivyonakiliwa, na hakuna kitu ndani ya Wayland kitakachowazuia. Run0, mbadala wa sudo uliokuja mwaka 2024 na toleo la 256 la systemd, msimamizi wa huduma za Linux, inaanzisha kazi katika mazingira safi yasiyorithi vigeu vya mtumiaji, lakini haisemi chochote kuhusu ukubwa wa kile unachokianzisha. Sudo-rs, ambayo Ubuntu 25.10 imeichukua iwe sudo yake ya kawaida, imeandikwa upya kwa lugha ya programu ya Rust ili makosa ya kumbukumbu yapungue, nayo itamkabidhi root mtu yeyote aliyeidhinishwa, pamoja na dirisha lake lote. Programu ambazo bado hazina msaidizi mwembamba zinajulikana kwa majina, na wanaozitunza mara nyingi ni wachache wanaojitolea. Distro zilizofuta kikao cha X11 zina wahandisi wa kulipwa ambao wangeweza kuziandikia wasaidizi hao kabla maelekezo mapya hayajawa mazoea.